Askofu Mkuu Kataliko na mfuko wa wagonjwa



Komite ilituomba sisi wa kazi ya tereni tuandike kitu juu ya mfuko wa magonjwa mazito, kwa sababu neno hilo litaletwa mbele ya mkutano mkuu. Tulianza kuandika sawa vile tunaandika ripoti, na kwenye ukurasa wa pili tukaona sisi wenyewe tunasinzia. Basi tumechukua njia ingine. Tunawaletea maisha ya mtu ambaye hakuna haja ya kumtambulisha kwa mkaaji wa Bukavu mwenye mvi: Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko. Alifukuzwa kwenye kazi yake kisha akarudi, kwa hiyo ni mwenzetu. Alikufa na moyo, mbali na nyumbani. Na ni katika miaka mitatu na nusu ya utumishi wake hapa kwamba mutuele za afya zilianza kuota katika jimbo letu. Hatusemi kwamba yeye ndiye alizibuni. Zilikuwa kazi ya waganga, mapadri, wahasibu na wamama wengi wa shirika ambao majina yao hayakuandikwa popote. Lakini namna yake ya kuongoza watu inatusaidia kuelewa jambo tunalotaka kuamua.

Alizaliwa mwaka 1932 huko Lukole, katika milima ya Wanande, kaskazini mwa Kivu. Ni nchi ya baridi, ya mashamba yanayopanda mpaka kwenye kilele cha mlima, na ya watu wanaojulikana mpaka Nairobi na Dubai kwa kazi ya biashara. Alisoma seminari, akapelekwa Roma, na mwaka 1958 akapewa upadri. Mwaka 1966 alifanywa askofu wa Beni, jimbo ambalo baadaye liliitwa Butembo-Beni. Alikuwa na miaka 34. Alichukua nafasi ya Henri Piérard, mumisionari wa Waasunsionisti, na nchi ilikuwa bado inajipangusa vumbi ya vita ya Wasimba.

Kukaa askofu pahali pamoja karibu miaka 31 si kitu kidogo. Ni muda wa kubatiza mtoto, kumfungisha ndoa, kisha kubatiza watoto wake. Katika miaka hiyo Kataliko aliona serikali ikijiondoa polepole kwenye maisha ya watu. Mwaka 1973 Mobutu alichukua maduka na mashamba ya wageni akawapa watu wake, na wengi wao hawakujua kuyaendesha. Barabara zilikufa. Vituo vya afya vilibaki na kuta bila dawa. Na kutoka Butembo mpaka Kinshasa, hata kwa ndege, ni zaidi ya kilomita 1,500, kwa hiyo aliyepiga kelele Butembo hakuna aliyemsikia kule.

Hapo ndipo tabia ya mtu huyu ilionekana. Hakungoja. Alikusanya wafanyabiashara, wakulima, walimu na wakubwa wa mitaa, akawaonyesha kwamba barabara ambayo lori la kahawa linapita ni barabara yao, hata kama karatasi inasema ni ya serikali. Kila mmoja alileta alicho nacho: mwenye lori alileta mafuta, mwenye mikono alileta jembe. Barabara zilitengenezwa, mashule na vituo vya afya vilijengwa, na mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilifunguliwa Butembo, katika mji ambao Kinshasa haikuwa imeupangia chuo chochote. Mtu anaweza kuuliza kama ni kazi ya askofu kuhesabu mifuko ya simenti. Sisi tunaotembea kwenye barabara za kwetu wakati wa mvua hatuulizi.

Kuna jambo moja katika kazi ile ya Butembo ambalo tunaomba mulishike, kwa sababu ndilo msingi wa mutuele yoyote. Mchango ulitolewa kabla ya haja, na ulitolewa pia na wale ambao hawangepita kwenye barabara ile juma hilo wala mwezi huo. Kwetu milimani hilo si jambo geni. Zamani mgonjwa alibebwa kwa tipoyi mpaka hospitalini, saa tano, saa sita za kutembea. Waliombeba leo walijua kwamba siku yao itafika. Na mwenye kujificha nyumbani kila mara jirani akibebwa, alijua vizuri nani atakosa mabega siku yake. Hakuna aliyeiita bima, lakini ilikuwa bima, na malipo yake yalikuwa jasho.

Ugumu unaanza pale ambapo malipo yanakuwa makuta. Hapa tunaomba mutuvumilie kidogo, kwa sababu wazee wetu wengi wana kidonda juu ya jambo hili. Toka mwaka 1966, mwaka uleule ambao Kataliko alifanywa askofu, kazi yote ya bima katika nchi yetu ilikuwa mikononi mwa kampuni moja ya serikali, SONAS. Ukoritimba huo ulidumu mpaka sheria ya mwaka 2015 ilipofungua mlango kwa kampuni zingine. Kwa mwananchi wa kawaida SONAS ilikuwa karatasi ya kubandika kwenye kioo cha gari. Lakini walikuwako pia watumishi waliojiwekea akiba ya uzeeni na bima ya maisha kwa pesa ya zaire. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 za zamani zikawa zaire 1 mpya. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa franki 1 ya Kongo. Chukueni kalamu muhesabu wenyewe: aliyekuwa na zaire milioni moja mwanzoni mwa mwaka 1993 hakuweza kununua hata kiberiti kwa akiba hiyo miaka mitano baadaye. Karatasi yake ilisema anakingwa mpaka kifo. Yeye alikuwa mzima, lakini pesa ilikuwa imekwisha kufa. Kwa hiyo tukisikia mzee anakataa neno bima kwa kichwa kigumu, tusiseme hajasoma. Amesoma, tena amelipa ada ya masomo.

Butembo yenyewe ilipita katika miaka ile mibaya ikiwa imesimama kidogo kuliko miji mingine, kwa sababu akiba yake ilikuwa barabara, majengo na uaminifu kati ya watu, na vitu hivyo havibadilishwi noti.

Tarehe 29 Oktoba 1996, vita ikiingia mjini kwetu, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa pale Nyawera. Hatuna haja ya kueleza. Wengi wenu mulikuwa barabarani siku hizo, na hapo ndipo wengi wenu mulianza safari iliyowafikisha Kigoma, kwenye kambi ya Nyarugusu, ao Burundi, ao kwenye misitu ya Shabunda na Walikale. Tarehe 3 Machi 1997 Roma ilimtaja Kataliko kuchukua nafasi ya marehemu. Alikuwa karibu na miaka 65. Ni umri ambao watu wengine wanatafuta kiti cha kukaa kwenye jua. Yeye aliacha jimbo alilojenga kwa miaka 31, akaja kwenye mji ambao hakuzaliwa ndani, wa kabila lingine na lugha ingine, ambako aliyemtangulia alikufa kwa risasi.

Alikuta nini? Mji uliojaa watu waliotoka vijijini, vituo vya afya vilivyoporwa, na desturi moja mbaya ambayo ilikuwa imeshika mizizi, na bado hatujaing'oa: kumzuilia mgonjwa aliyepona hospitalini mpaka fakture ilipwe. Mama anajifungua kwa kupasuliwa, anapona, kisha anakaa wiki nyingi kwenye baraza ya hospitali na mtoto wake, anakula chakula cha wagonjwa wengine, na fakture yake inaendelea kupanda. Hatutaji hospitali yoyote, kwa sababu haikuwa dhambi ya moja tu. Hospitali isiyopata kitu toka serikalini inaishi kwa fakture za wagonjwa. Isipozuilia, wauguzi wake hawapati hata sabuni.

Ofisi ya Jimbo Kuu inayoshugulikia kazi za afya, ile tunayoiita BDOM, ilianza katika miaka ile ya mwisho wa 1990 kusindikiza mutuele za afya. Wazo halikutoka hewani. Mwaka 1986 huko Bwamanda, katika Ekwateri, hospitali moja ya misheni ilikuwa imeanza kupokea mchango wa mwaka toka kwa familia, na siku ya ugonjwa familia ililipa sehemu ndogo tu ya fakture, karibu asilimia 20. Mfuko ulilipa inayobaki. Baada ya miaka michache zaidi ya nusu ya watu wa eneo lile walikuwa ndani. Na hiyo ilikuwa wakati wa zaire, pesa ile inayoyeyuka! Siri yao mojawapo ilikuwa kukusanya mchango mara moja kwa mwaka, wakati watu wamekwisha kuuza mavuno, na kutoiacha pesa ilale.

Kwetu Bukavu namna ilikuwa ileile kwa sehemu kubwa, na ndiyo tunaiona mpaka leo tukizunguka Kadutu, Bagira na Ibanda. Nyumba nzima inaandikwa, si mtu mmoja. Sheria hiyo inaudhi watu, lakini bila hiyo kila baba angemwandika tu mtoto mwenye kuumwa, na mfuko ungekufa kabla ya Pasaka. Kunakuwa muda wa kungoja kati ya kulipa na kutibiwa, juu ya sababu hiyohiyo. Mgonjwa anaanzia kwenye kituo cha afya cha karibu, na hospitali kubwa inampokea akiwa na karatasi ya kumtuma. Anaonyesha karata yake, analipa sehemu yake, anarudi nyumbani. Hakuna kulala barazani.

Ni wazi kwamba Kataliko alikuwa udongo mzuri kwa mbegu kama hiyo. Mtu aliyejengesha barabara kwa michango ya wakulima hakuwa wa kushangaa kuona wakulima wakilipa hospitali namna hiyo. Na kuna kitu kingine ambacho sisi wa mashirika tunakisahau haraka tukiandika miradi yetu: watu hawatoi makuta yao kwa wazo, wanatoa kwa mtu wanayemwamini. Katika mji ambao benki zilifunga na serikali ilibadilishwa mara mbili katika miaka miwili, kikapu cha parokia ndicho kilikuwa mfuko uliobaki wenye mlinzi.

Tarehe 2 Agosti 1998 vita ya pili ilianza. Wanajeshi wa RCD, pamoja na nchi jirani iliyowaunga mkono, walimiliki Bukavu. Tarehe 24 Agosti watu wengi sana waliuawa Kasika, na padri na masista wakiwa ndani yao. Mwisho wa mwaka ikawa zamu ya Makobola. Kataliko aliandika, alihubiri, alizika. Kwa Noeli ya mwaka 1999 alitoa barua kwa waamini wake ambamo alisema wazi kwamba nchi inaporwa na wageni pamoja na wenyeji wanaowafungulia mlango, na kwamba mukristo hawezi kukubali kuishi kama mtumwa. Mwisho wa Januari 2000 mji ulifunga maduka na masoko kwa siku nyingi. Waliotawala walimwona yeye kuwa ndiye kichwa cha jambo hilo.

Tarehe 12 Februari 2000, akiwa katika safari ya kurudi hapa, walimzuia wakamtuma Butembo. Ni adhabu ya ajabu kidogo, kumfukuza mtu kwa kumrudisha kwao. Lakini wenye kufukuzwa wanaelewa. Kazi yake ilikuwa Bukavu, na watu wake walikuwa Bukavu. Huku mapadri walisimamisha misa kwa muda, hata siku ya Mungu, jambo ambalo bibi zetu walikuwa hawajaliona toka kubatizwa. Alikaa Butembo miezi saba. Tarehe 14 Septemba 2000 alirudi. Waliokuwako wanasema kulikuwa watu toka kando ya barabara mpaka juu ya miti, wengine wakitandika vitambaa vyao chini ili apite.

Siku 20 baadaye alikuwa amekufa. Alikuwa ameenda karibu na Roma kwa mkutano wa maaskofu wa Afrika, na tarehe 4 Oktoba moyo wake ulisimama. Alikuwa na miaka 68. Mjini yalisemwa mengi, na yatasemwa tena. Sisi tunabaki na neno lililotangazwa, kwamba ni moyo.

Turudi sasa kwenye mfuko wetu, kwa sababu ni moyo uliotuleta huku.

Mutuele ndogo inajua kubeba malaria, kuzaa, kupasuliwa kwa kaida, mfupa uliovunjika. Haijui kubeba moyo. Haijui kubeba kansa, wala figo zinazotaka kusafishwa kwa mashini kila wiki, wala mtu aliyepooza upande mmoja. Si ubaya wa wasimamizi, ni hesabu. Tuchukue mfano wa ubaoni tu: nyumba 200, kila nyumba dola 1 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 2,400. Akitokea mgonjwa mmoja wa dola 1,500, amebaki na dola 900 kwa nyumba zote 200. Wakitokea wawili, mfuko umekufa, na wanaoumwa malaria mwezi wa kumi na moja wanafika kwenye kituo wanaambiwa warudi. Ndiyo sababu kanuni za mutuele nyingi zinaacha magonjwa hayo nje, kwa herufi ndogo ambazo mtu anazisoma siku amekwisha kuugua.

Katika nchi zenye makampuni ya bima jambo hili lilitafutiwa njia. Mwaka 1983, Afrika Kusini, munganga wa moyo jina lake Marius Barnard alisaidia kampuni moja kuanzisha bima ya namna ingine. Ni mdogo wa Christiaan Barnard, yule aliyekuwa wa kwanza kubadilisha moyo wa mtu, Cape Town, mwaka 1967, na yeye mwenyewe alikuwa kwenye timu ile. Alikuwa ameona wagonjwa aliowatibu vizuri wakirudi kufa juu ya umaskini: mtu anatoka hospitalini, anarudi kazini kesho yake kwa sababu watoto wanataka kula, na mwili unakataa. Bima yake haikungoja kifo na haikulipa fakture. Mtu akipatikana na ugonjwa ulioandikwa kwenye orodha, alipewa pesa mkononi, mara moja, ajipangie. Orodha ya kwanza ilikuwa na mambo manne tu: moyo kushituka, kupooza kwa ubongo, kansa, na kupasuliwa kwa mishipa ya moyo. Leo bima hiyo inauzwa karibu dunia nzima, na kwa wengine inadumu maisha yote. Hapa kwetu muuzaji wa bima hiyo hatakuja Panzi kesho kutafuta muuza makala. Lakini wazo lenyewe si la matajiri peke yao. Orodha fupi, pesa iliyojulikana kabla, kulipwa mara moja: chama kinaweza kufanya hivyo kikijiunga na vyama vingine, ili mgonjwa mmoja wa dola 1,500 aangukie nyumba 2,000, si 200. Sheria ya mwaka 2017 juu ya mutuele inaruhusu kuungana hivyo.

Kwa sisi tuliorudi kuna ugumu wa ziada. Kule Nyarugusu mtu alitibiwa bila kulipa. Dawa zilikuwa chache, foleni ndefu, lakini hakuna aliyedai makuta mlangoni. Mtu amekaa hivyo miaka kumi na tano, amezalia kule, mwili wake umezeekea kule. Anavuka ziwa anarudi, na siku ya kwanza ya presha anaulizwa pesa ya fishi kabla ya kupimwa. Hajawahi kuchangia mutuele yoyote hapa, kwa hiyo ni mgeni kwenye kila orodha. Tena kila mara vita inamhamisha, orodha inabaki nyuma na jina lake linafutwa kwa kutolipa. Wafadhili wetu wanauliza mara nyingi kwa nini tunataka mfuko wa chama chenyewe badala ya kumtuma kila mtu kwenye mutuele ya kartie yake. Jibu ndilo hilo: mutuele ya kartie inafuata kartie. Ya chama inamfuata mtu, akihamia Uvira ao Kalemie bado ni memba.

Sasa neno linalotugawa. Katika mikutano ya mitaa wamemba wengi, na wengi wao vijana, wameomba mfuko uweke mpaka wa umri. Wengine walisema miaka 60, wengine 65. Hesabu yao si ya ujinga. Moyo, kansa na kupooza vinapenda wazee, na kijana mwenye kuuza karata za simu pale Nguba anaogopa kulipia watu kwa miaka thelathini kisha akute mfuko mtupu. Kuna pia wanaoomba kwamba mzee asiye na nguvu tena ya kulipa aondolewe kimya kimya, bila kumwaibisha.

Sisi tumekwisha kusema kwenye komite, na tunaandika hapa ili isisemwe tulificha: hatukubaliani na mpaka huo. Mtu anayelipa toka miaka 25 mpaka 60 bila kuugua ndiye aliyejaza mfuko. Kumtoa siku anaanza kuugua ni kumlipisha tipoyi maisha yote, kisha kumwacha chini mlima ukianza kupanda. Tena tumetazama tarehe za Kataliko. Kwa mpaka wa miaka 60 angefutwa akiwa bado Butembo, kabla hatujamjua. Kwa mpaka wa 65 tungemwandika mwezi mmoja na kumfuta mwaka uleule alipofika Bukavu, na kila kitu tulichosimulia hapa juu, toka Kasika mpaka siku ya kurudi kwake, angekifanya bila karata.

Lakini hatutaki pia kuwadanganya vijana. Kinga ya maisha yote bila kikomo cha pesa ni ahadi ya zaire, tumeiona mwisho wake. Tunapendekeza hivi: umri usiwe na mpaka, lakini msaada uwe na kiasi kilichoandikwa, kwa dola, kwa orodha fupi ya magonjwa, mara moja kwa kila ugonjwa. Memba aliyelipa miaka 15 mfululizo, miaka ya ukimbizi ikihesabiwa kama miaka ya kungoja na si ya kukosa, akishindwa kulipa uzeeni abaki kwenye orodha, na mchango wake ubebwe na mfuko wa wafadhili. Kila mwaka hesabu isomwe kwa sauti mbele ya watu wote, tena kwa Kiswahili. Ni kazi zaidi kwa mtunza pesa, na tayari amelalamika.

Mwili wa Kataliko uliletwa toka Italia, ukazikwa hapa Bukavu kwenye Kanisa Kuu la Mama Yetu wa Amani, jirani na Munzihirwa. Wanande walikuja toka kaskazini kumlilia, na Washi walimlilia kama wao. Wamemba wetu wengi wanapita pale wakienda kwenye mikutano ya chama, maana njia ni ileile.

Kanuni za mfuko, kurasa nne, ziko kwa katibu wa kila tawi, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Asiyejua kusoma aombe asomewe kabla ya mkutano, si siku ya kupiga kura. Kwenye kifungu cha umri komite imeacha nafasi bila kuandika kitu.